Nani Alipe Mitungi ya Ukweni?

Hoja: Mume aliyemtelekeza mkewe amerudi ameokoka, na mke anajikuta bado anampenda. Je, kanisa lichapishe riwaya ya namna hiyo, na iwe "safi"? Wanaojibizana hapa ni watu wanne wa kubuni. Vitabu, sheria na hukumu wanazozitaja si za kubuni.

MCHUNGAJI: Mimi nasema ichapishwe, tena mapema. Mswada nimeusoma wote na sioni haya kukiri kwamba usiku ule nililala saa nane. Mvuvi wa Rubafu anafunga ndoa kanisani. Anavuka ziwa kwenda kisiwa cha Goziba kutafuta pesa ya sangara, anaaga kwa miezi mitatu, anakaa miaka tisa. Mkewe anabaki kwenye kibanja na watoto wawili. Siku moja bwana anashuka mwaloni, ameokoka, amekonda, mkononi ana mfuko mmoja wa rambo. Tangu hapo riwaya nzima ni swali moja tu: atafunguliwa mlango au hafunguliwi? Hakuna kitanda, hakuna matusi, hakuna ulevi. Akina mama wanaweza kusomeana kwa sauti kwenye ibada yao na binti wa kidato cha pili akiwa amekaa palepale. Mnajua binti huyo anasoma nini sasa hivi kwenye simu? Hadithi za vipande, sehemu ya kwanza mpaka ya sitini, na kila kipande kinakatikia chumbani. Sisi tumempa nini badala yake? Vitabu vya mafundisho ya ndoa vyenye maswali ya kujadili mwishoni.

MWALIMU: Safi kwa kipimo cha nani, Mchungaji? Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, ziwa hilihili letu, alitoa Rosa Mistika. Kikapigwa marufuku shuleni, eti kinaharibu watoto, baadaye kikaruhusiwa. Ndani yake kuna baba anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti analelewa kwa woga, anatoka nyumbani hajui kitu kuhusu wanaume, na wanaume wanamfundisha kwa namna yao. Mwishoni anatulia na kutaka ndoa. Mchumba anamkataa kwa sababu amekwisha kuguswa. Anajiua. Sasa niambie, ukikipitishia ufagio wako kitabu kile kitabaki na kurasa ngapi? Na hakuna mahubiri niliyowahi kuyasikia yaliyowakemea wazazi wakali kuliko kitabu hicho kilichoitwa kichafu.

MCHUNGAJI: Umenisaidia bila kujua. Rosa hakupewa nafasi ya pili. Unampa mwanafunzi msiba, halafu unamwambia ndiyo fasihi. Mimi nataka kumpa kitabu ambacho mtu aliyeharibu anarudi na anapokelewa. Kwa nini kurudi kuwe uongo na kujiua kuwe ukweli?

MWALIMU: Sikusema kurudi ni uongo. Riwaya kubwa kuliko zote zilizotoka kwenye maji haya inahusu kurudiana. Na mwandishi wake alisomea hapa kwetu, Muleba.

MWANDISHI: Kitereza.

MWALIMU: Aniceti Kitereza, ndiye. Mtoto wa Ukerewe aliyeletwa seminari ya Rubya mwaka 1909, akakaa miaka kumi akisoma Kilatini na teolojia. Ni seminari ileile iliyomlea Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kadinali. Kitereza hakuwa padri. Alirudi kwao akaoa. Mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alihangaika miaka 35 kabla kitabu hakijatoka, na kilitoka kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, Tanzania Publishing House, 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Kisa chenyewe kinaanzaje? Mke amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu hawajapata mtoto na ndugu wa mume wamemtolea maneno. Mume anamfuata ukweni. Anaomba. Wakwe wanamsikiliza, halafu wanamtoza pombe ya ndizi, mitungi kadhaa. Na msomaji anasindikizwa naye kwenye kila kazi ya pombe hiyo. Wewe Mchungaji ni mtu wa Bukoba, unajua rubisi inavyopatikana. Ndizi zitafutwe, ziivishwe, zimenywe, zikamuliwe kwa nyasi, mtama ukaangwe na kusagwa, mtumbwi ufunikwe, usubiri. Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Lazima aombe ndugu na majirani, na kila anayemwomba anajua ni kwa nini anaombwa. Halafu apange wabebaji, mitungi ipite njiani watu wote wakiona.

MCHUNGAJI: Kitabu kizuri, sibishi. Lakini watu wake hawajasikia Injili.

MWALIMU: Hapo ndipo nilipotaka tufike! Mtu aliyekaa Rubya miaka kumi, Mkatoliki mpaka kaburini, alipotaka kuandika ndoa iliyovunjika ikaungwa, hakuwapeleka altareni. Aliwapeleka kwa wakwe na mitungi. Wewe umetuambia sifa ya mswada huu ni kwamba hauna ulevi. Kwa sheria yako mitungi inafutwa. Na ukiifuta mitungi, toba ya Myombekere umeitupa nayo, maana mitungi ndiyo toba yenyewe.

MAMA WA BARAZA: Samahani Mchungaji, na mimi niingie hapo. Mswada sijausoma, nimesimuliwa. Huyu bwana wa Goziba analipa nini?

MWANDISHI: Analia, Mama. Kuna sura nzima. Anapiga magoti kwenye majani ya migomba mbele ya nyumba, mvua inanyesha, na mke anamtazama kwa dirishani.

MAMA WA BARAZA: Nimekusikia, mwanangu. Analipa nini?

MWANDISHI: Neema hailipiwi. Hilo ndilo wazo langu lote. Kama angelipa, ingekuwa biashara, si msamaha.

MAMA WA BARAZA: Neema haina risiti, sawa. Ada ya shule inayo. Ngoja niwaambie ninachokiona mimi, maana nimekaa baraza la usuluhishi wa ndoa muda mrefu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka anayedai talaka mahakamani apite kwetu kwanza, isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo kama mwenzake amemtelekeza na hajulikani aliko. Basi wanakuja. Mwanamume aliyerudi utamjua kabla hajafungua mdomo. Amevaa shati lililopigwa pasi, ameshika Biblia, amekuja na mjomba wa kumsemea. Mwanamke ameshika bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha kuna kadi ya kliniki, karatasi za deni la shule, na mara nyingine kuna barua ya mwenyekiti wa kijiji kuhusu mpaka wa shamba uliosogezwa na shemeji wakati bwana hayupo. Mwanamume anazungumza robo saa juu ya Mungu alivyomtendea. Nikimgeukia mwanamke, hasemi anampenda wala hampendi. Anaifungua ile bahasha na kupanga karatasi zake mezani moja baada ya nyingine. Wewe, mwandishi, bahasha hiyo umeiweka sura ya ngapi?

MWANDISHI: Haimo.

MCHUNGAJI: Mama, hakuna anayekataa deni. Lakini tusigeuze msamaha kuwa hesabu ya duka. Mnataka malipo? Someni Hosea. Mkewe amekwenda kwa wengine, na Mungu anamwambia nabii akamrudie. Anamkomboa kwa vipande 15 vya fedha na shayiri juu yake. Angalieni nani analipa pale: aliyekosewa! Aliyesalitiwa ndiye anayefungua mkoba. Huo ndio moyo wa Injili. Msalabani alilipa ambaye hakuwa na deni. Mke wa Rubafu akifungua mlango bila kudai, amefanya alichofanya Hosea, na ndiyo maana kitabu hiki ni cha Kikristo na cha Kitereza si cha Kikristo.

MAMA WA BARAZA: Mahubiri hayo nimeyapenda. Uliwahi kuwahubiria wanaume ambao wake zao walikwenda Kampala?

MCHUNGAJI: ...

MAMA WA BARAZA: Nauliza kwa heshima.

MWALIMU: Acha nimjibie. Wamarekani wana riwaya yao maarufu iliyotengenezwa kutokana na Hosea, Redeeming Love ya Francine Rivers, ya mwaka 1991. Mke anatoroka, mume anamfuata na kumrudisha, na wasomaji wanalia juu ya subira ya huyo mume. Ni shujaa. Sasa tazama riwaya yetu imegeuka: mume katoroka, mke kangoja. Msomaji wa hapa hatasema mke ni shujaa. Atasema amefanya inavyotakiwa. Mwanamume akisamehe tunaandika kitabu kizima. Mwanamke akisamehe tunaona ni zamu yake, kama kuchota maji. Na kama ni Maandiko, Mchungaji, usiruke Kumbukumbu la Torati 24. Mwanamume aliyemwacha mkewe, mke akaolewa na mwingine, haruhusiwi kumrudia hata mume wa pili akifa. Biblia haina wimbo mmoja juu ya kurudiana.

MCHUNGAJI: Torati ile inahusu mke aliyepewa hati akaolewa kwingine. Huyu wetu hakuolewa.

MWALIMU: Na kwa nini hakuolewa? Miaka tisa! Alikuwa na miaka mingapi, ishirini na nne?

MWANDISHI: Ishirini na sita.

MWALIMU: Ishirini na sita. Sheria ya nchi inasema kutelekezwa kwa makusudi kwa miaka isiyopungua 3 ni ushahidi unaoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika. Alikuwa na haki hiyo mara tatu. Riwaya inatakiwa ituonyeshe siku aliyofika mpaka mlango wa mahakama akageuza, au siku mwanamume mwingine alipomletea kilo moja ya sukari na yeye akaipokea. Kama hakujaribiwa hata mara moja, huyo si mwanamke mwaminifu. Ni samani ya nyumba, imemkuta bwana pale alipoiacha.

MCHUNGAJI: Hilo nalipokea. Majaribu yawemo. Usafi ninaoutaka mimi si wa kuficha majaribu.

MWALIMU: Basi hebu tuambie ni usafi gani.

MCHUNGAJI: Ni wa mwandishi kutomtumia msomaji. Ukieleza chumbani kila kitu, msomaji hasomi tena juu ya watu wawili, anajisoma mwenyewe. Mimi ni mtoto wa uamsho. Uamsho ulitoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda, ukatufikia. Askofu Josiah Kibira mwenyewe, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani mwaka 1977, alitokea humo. Nimekua nikisikia watu wakisimama kutoa ushuhuda wa dhambi zao hadharani. Na nimewahi kumkatiza mtu katikati ya ushuhuda, kwa sababu alikuwa ameanza kuifurahia ile dhambi upya, na waliokaa mstari wa mbele walikuwa wanaifurahia pamoja naye. Mlango wa chumba ukifungwa kwenye riwaya, nani anapoteza?

MWALIMU: Chumbani hapotezi mtu. Lakini huo uamsho unaousema unanipa hoja. Mlokole wa Bukoba hakusema "nilikosa." Alisema niliiba mbuzi wa fulani, na kesho yake alimpelekea mbuzi. Ushuhuda wa zamani ulitaja jina la kitu na ulifuatiwa na safari ya kukirudisha. Riwaya safi imechukua machozi ya walokole, mbuzi imemwacha.



MWANDISHI: Naomba niseme kitu ambacho sijakisema. Kwenye mswada wa kwanza kulikuwa na hospitali. Kabla ya kumruhusu alale ndani, mke anamwambia waende wakapime. Walikwenda, wakakaa kwenye benchi, wakaitwa. Niliandika majibu yake pia. Nikashauriwa nikitoe kipande hicho kwa sababu kinaleta mambo ya uzinzi ndani ya kitabu cha kusomwa na akina mama. Nikakitoa.

MAMA WA BARAZA: Kagera hii hii?

MWANDISHI: Ndiyo, Mama.

MAMA WA BARAZA: Mkoa ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, Ndolage, hospitali ya kanisa! Tulizika mpaka vibanja vikabaki na bibi na wajukuu. Halafu mtu arudi kutoka kambi za visiwani baada ya miaka tisa, na kitabu kimlaze kitandani bila kipimo kwa sababu kipimo ni kichafu? Mchungaji, hapo sina utani. Binti wa kidato cha pili uliyemtaja akisoma kitabu hicho atajifunza kwamba mwanamke mwema haulizi.

MCHUNGAJI: Aliyetoa ushauri huo si mimi, na nisingeutoa. Kipimo si uchafu. Kirudi. Naongeza: majibu yaandikwe yalivyo, na kama yako mazito, ndoa iendelee au isiendelee watu wakijua, maana wapo waumini wangu wanaoishi hivyo, mmoja anatumia dawa na mwenzake hana virusi, wamezeeka pamoja. Mapenzi ya kumeza vidonge saa mbili usiku kila siku, mwenzako akikukumbusha, ni mapenzi ambayo hizo hadithi za simu haziyajui. Hayo niko tayari kuyaweka mimbarani.

MWALIMU: Umeona? Tayari tumepata riwaya nyingine.

MCHUNGAJI: Ni ileile, imeongezwa ukweli.

MAMA WA BARAZA: Tusikimbilie kupongezana. Bado hamjanijibu juu ya malipo. Huyu mke anaishi kwenye kibanja cha nani?

MWANDISHI: Cha mume. Cha ukoo wa mume.

MAMA WA BARAZA: Kwa hiyo bwana akishuka mwaloni, hata kama hajapiga goti, nyumba ni yake. Kahawa miaka tisa kaipalilia mke, kaichuma mke, kaianika mke. Kwenye daftari la chama cha msingi kuna jina la nani? Mnasema mke "anamfungulia mlango." Mlango gani? Akikataa kufungua, kesho ukoo unakaa na yeye ndiye anayeulizwa atakwenda wapi. Msamaha wa mtu asiye na pa kwenda utaujuaje kama ni msamaha?

MCHUNGAJI: Swali zito.

MAMA WA BARAZA: Nalijua kwa sababu wanawake wa kwetu walilijibu zamani bila kuandika riwaya. Enzi za mkoloni walitoka Bukoba kwenda Kampala, kwenda Nairobi. Wengine walikimbia ndoa, wengine waliachwa pale mume alipobatizwa akatakiwa abaki na mke mmoja. Huko walifanya kazi ambazo kanisa liliwasema sana, na siwatetei wala siwahukumu. Lakini wengi walirudi na pesa wakanunua vibanja kwa majina yao. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yao ya pili. Wasingeweza kuipata kwa kungoja, kwa sababu shamba la ukoo mwanamke angeweza kulitumia, siyo kuliuza. Mpaka alipotokea Holaria Pastory. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia; mwaka 1988 akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Ndugu akamshtaki mahakama ya mwanzo kule Kashasha, Muleba. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza wakati mwanamume anaruhusiwa inapingana na Katiba. Kesi hiyo inafundishwa vyuo vya sheria. Hapa kwetu binti wa kidato cha pili hajaisikia. Mwandikieni hiyo.

MCHUNGAJI: Mama, nakuheshimu, lakini hiyo ni hukumu ya ardhi. Si riwaya ya mapenzi. Anayenunua riwaya ya mapenzi ameahidiwa kitu, na mwandishi amekubali ahadi hiyo kabla ya kuandika: wawili hawa watafika pamoja. Janette Oke wa Kanada alipotoa Love Comes Softly mwaka 1979, mjane na mgane waliooana kwa shida tu, msomaji alijua tangu mwanzo kwamba watapendana. Utamu ni njia. Ruthu naye, tunaposoma habari zake, nani hajui kwamba Boazi yuko shambani? Ukivunja ahadi hiyo, umemwibia msomaji.

MWALIMU: Ruthu umemtaja vizuri, maana Boazi hakumchukua Ruthu gizani. Alikwenda langoni asubuhi, akaketi mbele ya wazee kumi, na shamba lilitajwa kabla ya ndoa. Biblia yako inajua habari za Mama kuliko huyo mwandishi wa Kanada. Na kuhusu ahadi: kama aina ya kitabu imekwisha kuamua kwamba mke atasema ndiyo, basi mke hakuulizwa. Mwandishi amemwoza, kama baba wa zamani.

MWANDISHI: Mwalimu, hapo unaniumiza, lakini nifikirie. Kama asingekuwa anakaa kwenye shamba la ukoo? Kama katika hiyo miaka tisa amenunua kipande chake, hata robo eka, kwa pesa ya senene na dagaa, akajenga chumba kimoja cha bati? Bwana akirudi anakuta nyumba ya zamani ipo, haina mtu. Inabidi aulize njia.

MAMA WA BARAZA: Hapo sasa.

MWANDISHI: Na akifika huko ni mgeni. Asubiri nje mpaka akaribishwe. Mke akimletea kahawa ya kutafuna, amempokea kama mgeni yeyote. Asipomletea, bwana anajua. Na ukurasa wa mwisho bado anaweza kusema hapana, kwa sababu hapana yake haimgharimu paa.

MCHUNGAJI: Je, anasema hapana?

MWANDISHI: Sijui bado. Kwa mara ya kwanza sijui.

MCHUNGAJI: Mimi nitakwambia kitakachotokea akisema hapana. Kitabu kina nembo ya kanisa. Atakuja kwangu mama mmoja, aliyemrudisha mumewe mwaka juzi kwa sababu mimi nilikaa naye chini nikamsihi, na ataniuliza kama nilimdanganya. Nimjibu nini? Ninyi mnajadili riwaya. Mimi Jumapili nina watu.

MAMA WA BARAZA: Ulimsihi yeye. Mumewe ulimsihi afanye nini?

MCHUNGAJI: Aache visiwa. Arudi kanisani. Aombe radhi.

MAMA WA BARAZA: Kwa wakwe alikwenda?

MCHUNGAJI: Hakwenda. Baba mkwe alikuwa amefariki, na mimi sikuona...

MAMA WA BARAZA: Kaka zake mke wapo. Mtu hakosi wa kumpelekea.

MWALIMU: Mchungaji hayuko peke yake. Sisi Wakatoliki tunasema ndoa haivunjiki, tumemaliza; anayerudi anarudi kwenye kitu ambacho kwetu hakikuvunjika, basi na gharama ya kuunga hatuioni. Kitereza aliiona kwa sababu aliandika juu ya watu ambao kwao ndoa ingeweza kuvunjika asubuhi ileile.

MCHUNGAJI: Sawa. Niweke msimamo wangu upya, msije mkanilisha maneno. Chumba kifungwe, hilo sirudi nyuma. Kipimo kirudi. Bahasha ya kaki iwemo. Kipande cha shamba kiwemo. Pombe, mtaniwia radhi, Walutheri wangu hawatanielewa. Bwana apeleke kitu kingine ukweni, apeleke kahawa, apeleke mbuzi, lakini apeleke, na watu wamwone njiani. Na mwisho mke akubali.

MWALIMU: Akubali kwa amri ya nani?

MCHUNGAJI: Kwa tumaini langu. Na mimi nina haki ya kuwa nalo.

MAMA WA BARAZA: Haki unayo. Kuna jambo moja mmelizunguka tangu mwanzo wote watatu. Miaka tisa Goziba, mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa analala na nyavu? Ana mwanamke huko, na ana watoto. Kwa sheria, aliyefunga ndoa ya Kikristo hawezi kuongeza mke, kwa hiyo mwanamke yule si mke. Watoto ni watoto. Bwana akiokoka na kupanda boti kuja kuomba msamaha Rubafu, kule amemwacha mtu mwaloni na watoto pembeni, na siku hiyo anamfanyia yule kilekile alichomfanyia huyu miaka tisa iliyopita. Riwaya yenu ya nafasi ya pili inaanza kwa mtu kutelekeza mara ya pili.

MWANDISHI: Kwenye mswada hawapo.

MAMA WA BARAZA: Najua hawapo. Wangechafua.

MCHUNGAJI: Na ukiwaingiza, Mama, nani atataka huyu bwana afunguliwe mlango? Msomaji atamchukia kabla hajafika mwaloni.

MAMA WA BARAZA: Amchukie. Mke naye amchukie. Halafu tuone hiyo neema inafanya kazi gani, kwa mtu ambaye kila kitu chake kimetajwa.

MWALIMU: Na wale watoto waje na boti ileile, wakubwa wawili na mmoja amebebwa. Washuke nyuma yake.

MCHUNGAJI: Wakae kwa nani? Kwenye chumba kimoja cha bati cha mwanamke aliyejinunulia mwenyewe?

MWANDISHI: Hilo ndilo nitakaloanza nalo kesho. Sura ya kwanza, boti inakaribia, mke yuko mwaloni ananunua dagaa, na anahesabu vichwa.

MCHUNGAJI: Ukiiandika hivyo sitaweza kuweka nembo.

MWANDISHI: Nitakuletea uisome kwanza.